Somo: Kujipangia matembezi ya nchi kavu meli ya kitalii inapofika bandarini

Aliyeshuka na ziara ya meli, yaani matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, husubiriwa. Aliyeshuka kivyake, nahodha hadaiwi kumsubiri. Ukikwepa bei ya ziara za meli, na hapa tunakuhimiza uikwepe, basi ulinzi uliokuwa ndani ya bei hiyo unajipa mwenyewe kwa kuhesabu muda kutoka mwisho kurudi nyuma.

Hatua ya 1: Jua saa ya mwisho ya kupanda. Siyo saa ya meli kuondoka. Imeandikwa kwenye ratiba ya siku na kwenye kibao karibu na ngazi ya kushukia; kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kuondoka, bandari nyingine zaidi.

Kisha hakikisha ni saa za nani. Kisiwa cha Cozumel, Meksiko, ndipo wengi huponzwa. Jimbo lake, Quintana Roo, halisogezi saa mbele majira ya joto tangu 2015, lakini Florida husogeza. Meli iliyotoka Florida miezi hiyo na kubaki na saa za huko huwa mbele ya kisiwa kwa saa 1 nzima. Simu ikinasa mnara wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe, nawe unaagiza chakula huku watu wakihesabiwa melini. Zima mpangilio wa saa wa kujibadilisha, au vaa saa ya mkono iliyowekwa saa za meli.

Hatua ya 2: Meli inafunga gatini au inatia nanga nje? George Town, kwenye kisiwa cha Grand Cayman huko Karibi, meli hukaa majini na abiria huvushwa kwa boti ndogo. Wa ziara za meli hutangulizwa, wengine huchukua namba na kungoja. Tenga saa 1 ya ziada kwenda na saa 1 kurudi, maana foleni ya kurudi hufurika mwishoni, tena juani.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuseme meli inafunga gatini saa 2:00 asubuhi na mwisho wa kupanda ni 10:30 alasiri. Hizo ni saa 8 na nusu. Toa dakika 45 za kungoja maofisa waruhusu watu kushuka na kutembea hadi getini. Toa saa 1 na nusu ya akiba mwishoni. Zimebaki saa 6 na robo. Ufukwe ulio mwendo wa saa 1 unakula saa 2 barabarani, kwa hiyo wa kuogelea ni saa 4 na robo tu.

Mahali pa mbali paende kwanza. Soko na chakula karibu na bandari viwe mwisho. Usimalizie siku kwa feri wala barabara ya mlimani: feri ikiahirishwa kwa mawimbi, hakuna njia ya pili.

Hatua ya 4: Usafiri. Kabla ya kufungua mlango wa teksi, kubalianeni: bei ni ya gari au ya kila kichwa? Kwenda tu au na kurudi? Kwa sarafu gani? Atakuja kukuchukua saa ngapi, kwa saa za meli? Nauli ya kurudi ilipe mkirudi. Piga picha namba ya gari. Mtajie dereva jina la gati pia: kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kina magati ya Havensight na Crown Bay, na kupelekwa gati lisilo lako hula akiba yote.

Hatua ya 5: Mkoba. Kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, nakala ya pasipoti, kadi ya benki, noti ndogondogo, dawa za siku 2, maji lita 1.5 kwa kila mtu, na namba ya simu ya wakala wa bandari, anayeiwakilisha meli nchi kavu (huwa kwenye ratiba ya siku). Matunda ya melini yaache; nchi nyingi zinakataza kuyashusha. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia Barbados na Jamaika.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikilipia boti mapema halafu meli isifike?*
Hutokea, upepo ukizidi, nahodha hupita. Lipia kwa mwenye boti anayeandika wazi kwamba hela hurudi meli isipofika, na mpe jina la meli na tarehe.

*Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Boti za kuvusha atapanda?*
Ulizia kabla ya kulipia safari. Meli nyingi hutaka abiria aweze kupiga hatua chache mwenyewe, kwa sababu boti hupanda na kushuka na wimbi pembeni ya meli. Hata akikubaliwa, bahari ikichafuka asubuhi hiyo atazuiwa. Ndugu yangu, mchagulie mama ratiba yenye magati.

*Nikiachwa, nifanye nini?*
Mpigie wakala wa bandari mara moja. Mara nyingi wahudumu hutafuta pasipoti kabini na kumwachia yeye. Nauli ya kuifuata meli ni yako. Kinachowakwamisha watu zaidi ni viza: nchi iliyokuwa ikupokee kwa saa chache kama abiria wa meli inaweza kudai viza ukifika kwa ndege. Soma masharti ya bandari inayofuata kabla ya kushuka kwenye hii.