Kupata kiatu cha kutembelea ukiwa na mguu mpana mbele, mwembamba nyuma

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, na Kisumu naipita kwa miguu: Migosi, Kondele, Manyatta, siku nyingine Nyalenda, ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi hung'ang'ania soli mpaka unatembea ukiwa mrefu kuliko ulivyotoka nyumbani. Mguu wangu ni mpana vidoleni, mwembamba kisiginoni, na kiungo cha kidole gumba kimetokeza nje. Viatu vingi hunibana mbele na kunipwaya nyuma kwa wakati mmoja. Kama wako ni wa aina hiyo, usianze dukani. Anza na kadibodi.

Mchoro uchorwe jioni, ukishashinda umesimama, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na joto la huku ziwani huzidisha. Vaa soksi utakazotembelea. Weka kadibodi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima, na mtu mwingine akuchoree kalamu ikiwa wima. Ukiinama kujichorea, uzito unahama na mchoro unatoka wa uongo. Chora miguu yote miwili. Mara nyingi haitoshani, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Pima kwa rula kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili, si gumba), halafu upana pale palipo pana kabisa. Andika sentimita, kata kadibodi kwa mkasi, tia kwenye mkoba.

Namba ya kiatu isikuhangaishe sana. Namba moja ya Ulaya ni kama milimita 6.7 za urefu, ya Uingereza kama 8.5, na zote mbili hazikuambii lolote kuhusu upana. Kwenye raba, chungulia kibandiko kilicho ndani ya ulimi: mara nyingi kuna sentimita, na hizo ndizo unazolinganisha na rula yako. Baadhi ya viatu vya Marekani vina herufi za upana pia. Kwa wanawake B ndiyo ya kawaida, D ni pana, 2E pana zaidi. Kwa wanaume D ndiyo ya kawaida, 2E ni pana, 4E pana zaidi. Ukitazama vizuri utaona kwamba D ya kawaida ya mwanamume ni pana kwa mwanamke, kwa hivyo mimi huenda moja kwa moja kwenye rundo la wanaume na kutafuta sentimita zangu. Rangi huwa nyeusi, kijivu na buluu tu. Mita hazijali.

Sasa sokoni. Kibuye siku kubwa ni Jumapili, na kamera, yaani mitumba iliyo bora kabisa, huondoka asubuhi, mikononi mwa waliofika mapema. Lakini asubuhi mguu bado haujavimba, na kiatu kitakachokutosha saa tatu kinaweza kukuonea saa kumi. Hapo ndipo ile kadibodi inapolipa: umekuja na mguu wako wa jioni mkobani.

Chomoa soli ya ndani. Kama imegundishwa, jaribu kingine. Iweke chini juu ya gazeti, weka kadibodi juu yake, kisha simama juu yake mwenyewe. Kidole kidogo kikimwagikia nje, au kile kiungo cha gumba kikipita ukingo, kiatu hicho ni chembamba na hakuna mazungumzo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu sentimita moja. Muuzaji atakuambia, "Anti, hicho kitatanuka." Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, haitanuki kwa urefu, plastiki inayoigiza ngozi haikusaidii kwa lolote. Na usikubali kuongezewa namba ili upate upana. Kiatu kirefu mno hukunjika mahali ambapo mguu wako haukunjiki, na malengelenge huanzia hapo.

Kikunje mkononi: kikunjike penye vidole, si katikati. Kiweke juu ya meza, kitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikwishakipa mwendo wake, na utaurithi. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Soli nyingine za povu huharibiwa na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, kinang'aa juu huku chini kinapukutika. Ukiona nyufa ndogondogo au unga, rudisha. Mwisho ingiza mkono mpaka ncha, papasa mishono na misumari. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni asitegemee kusikia maumivu: akague kiatu kwa mkono kila anapovaa, na akiona kidonda aende kliniki siku hiyohiyo.

Kikibana sehemu moja tu na ni ngozi, mpelekee fundi wa viatu. Tia alama ya chaki pale panapouma, umwambie, "Mzee, hapa tu," akitanue kwenye kalibu na kilale humo usiku kucha. Nyuma panapopwaya ni kazi ya kamba. Kwenye tundu la juu kabisa, ingiza kamba upande uleule bila kuivusha, ubaki na kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili na uvute kuelekea chini kabla ya kufunga. Kisigino kinatulia. Usawa wa kile kiungo cha gumba, ruka tundu moja ili ngozi ilegee hapo.

Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kiache kivulini penye upepo na ubadilishe magazeti yakishalowa. Kando ya jiko usikiweke: gundi inaachia, na soli utaiacha kwenye matope ya Nyalenda.