Umeandikiwa MRI ya goti, bega au mgongo? Soma hii kabla hujaenda

Umepiga eksirei ukaambiwa mifupa iko sawa, lakini goti bado linavimba na ukishuka ngazi linaachia ghafla, hapo ndo dokta anaandika MRI. Eksirei haijakosea, kazi yake ni mfupa, ila kano, misuli na gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo) haivioni vizuri, na hata ufa mdogo wa mfupa wa kifundo cha mkono unaweza usionekane siku za mwanzo. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyo mwilini, mionzi hakuna, na palipoumia mara nyingi panajaa maji ndo maana kwenye baadhi ya picha panang'aa.

Kabla ya yote soma fomu yako. Kama imeandikwa "MRI goti" basi, mwombe dokta aongeze maneno: uliumia lini, ulisikia mlio, panauma upande gani, huwa linakwama? Anayesoma picha pengine hatakuona kabisa, anachokijua ni hicho kikaratasi. Beba na eksirei za zamani.

Halafu chuma. Taja kila kitu hata kama unaona ni upuuzi: kifaa cha moyo, kipandikizi cha sikio, klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa ubongo kwa upasuaji, na kama umewahi kuchomelea vyuma sema, kipande kidogo jichoni kinaweza kusogea. Sio lazima ukataliwe, ila waonyeshe kadi ya kifaa chako. Skrubu za mfupa mara nyingi hazina shida, zinachafua tu picha ya hapo karibu. Sumaku yenyewe iko on muda wote hata mashine ikiwa kimya, kwa hiyo usiingie na simu eti hawajaanza. Mwenye figo mbovu au mjamzito aseme mapema, hasa kama kuna sindano ya gadolini, dawa ya kufanya picha ionyeshe vizuri zaidi, ambayo wanaitumia zaidi wakishuku uvimbe kama wa saratani au maambukizi.

Siku yenyewe nenda chooni kwanza, sitanii, maana utalala dakika 20 mpaka 45 bila kujitikisa. Mimi kwenye picha ya nne nilichezesha vidole vya mguu kidogo tu, nikadhani goti halihusiki, wakarudia picha nzima. Omba mto chini ya mguu mapema, na kama maumivu hayakuachi ulale muulize dokta kuhusu kumeza dawa kabla. Mashine inagonga kama mtu anatoboa ukuta, watakupa vizibo vya masikio. Unaogopa kubanwa? Kwa goti unaingia miguu kwanza na kichwa mara nyingi kinabaki nje au karibu na mlango, ila mgongo na bega unazama, hivyo sema siku ya kuweka miadi, na ile kengele ya mkononi ibonyeze ukizidiwa, hakuna atakayekucheka.

Ripoti ikitoka usianze kuigoogle usiku. Hasa ya mgongo. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2015 ulikuta diski (vile vijito laini kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80, na hao wote walikuwa hawaumwi mgongo! Kwa hiyo swali la kumuuliza dokta ni moja, hiki kilichoonekana kinaendana na pale panaponiuma? Na chukua sidii yenye picha, sio karatasi peke yake, madaktari wa mifupa wengi wanataka kuangalia kwa macho yao.