Kompyuta Kuukuu ya Mezani Inapoikataa RAM Mpya

Kompyuta za ofisini zilizotoka karibu mwaka 2009, kama vile Dell OptiPlex 780 na HP Compaq 8000 Elite, bado zinauzwa kwa wingi katika maduka ya mitumba ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, na jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hulifanya ni kuziongezea RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa inafanya kazi. Skrini ikibaki nyeusi, fundi hutamka mara moja kwamba RAM imekufa. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno, kwa sababu mashine za rika hili zinaweza kukataa RAM isiyo na hitilafu yoyote kwa sababu ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho.

Anza kwa kurudisha RAM ya zamani. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Ikiwaka na RAM yake ya zamani, ubao mama ni mzima na tatizo limebaki kwa kipande kipya cha RAM au kwa namna kilivyochomekwa.

Sasa soma lebo. Kwenye RAM ya DDR3 utakuta maandishi kama 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Namba 10600 inaeleza kasi, nayo ni sawa na DDR3-1333. Mashine tulizozitaja zitaishusha zenyewe hadi 1066, kwa hiyo kasi kubwa si sababu ya kugoma. Kinachohitaji kutazamwa ni herufi ya mwisho. U ni RAM ya kompyuta za kawaida, ilhali R ni ya seva, nayo huingia vizuri kabisa kwenye nafasi ya RAM iliyo kwenye ubao mama lakini mashine haitawaka. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila mkato wa chini umewekwa mahali tofauti na umeme wake haulingani, volti 1.8 kwa ya kwanza na 1.5 kwa ya pili. Kipande kisipokaa kwa urahisi, usikilazimishe. DDR3L ya volti 1.35 haina shida, kwa kuwa imeundwa kuvumilia 1.5 pia.

Baada ya lebo, hesabu chipu, yaani vile vipande vyeusi vilivyobandikwa kwenye RAM, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kipande cha GB 4 chenye chipu 16, nane kila upande, kina chipu za gigabiti 2 kila moja (gigabiti 8 ni GB 1). Chenye chipu 8 tu kina chipu za gigabiti 4. Chipseti za Intel za wakati huo, yaani chipu za ubao mama zinazounganisha prosesa na RAM, kama Q45 na G41, hazitambui chipu inayozidi gigabiti 2, kwa hiyo kipande cha chipu 8 hukataliwa hata kama kila kitu kingine kwenye lebo kinalingana. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 2, zilizotoka mwaka 2011, hazina kikwazo hicho. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukijaribu kipande hicho mbele yako kwenye OptiPlex 790, yenye prosesa hizo, kikawaka, nawe ukifika nyumbani kikagoma, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ukienda kununua, omba cha chipu 16, lebo iwe na 2Rx8 (2R ni safu mbili za chipu), na ukague pande zote mbili kabla ya kulipa.

Kama aina ni sahihi, chomeka kipande kimoja tu, katika nafasi ya kwanza. HP za rika hili huandika XMM1 penye nafasi hiyo, na ikiachwa wazi mashine haitakubali. Futa pini za dhahabu kwa kifutio cha penseli, mbali na ubao ili mabaki yasidondokee kwenye nafasi, halafu kandamiza ncha zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. HP ikilia mara 5 huku taa nyekundu ikimweka mara 5, inalalamikia RAM. Dell hutumia taa nne za mbele zenye namba, basi andika zipi zinawaka kabla ya kuzima, ili uzilinganishe na mwongozo wake.

Ujumbe wa mara ya kwanza unaosema kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika si hitilafu. Bonyeza F1 uendelee. Iwapo bado inagoma, chomoa umeme, toa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, kwa dakika chache, uirudishe, ujaribu tena.

Yapo pia malalamiko ambayo hayahusu vifaa hata kidogo. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa kawaida huonyesha 3 na kitu, hata BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, ikiwa imesoma 8. Windows 7 Home Basic ya biti 64 hukomea GB 8. Angalia vilevile katika msconfig, programu ya mipangilio iliyomo ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya juu ya kuwasha, kwamba kisanduku cha kiwango cha juu cha kumbukumbu hakijawekewa alama.

Mashine ikiwaka lakini ikawa inajizima au kuonyesha skrini ya bluu, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache ikimbie usiku kucha. Kosa likitokea, hamishia kipande hichohicho kwenye nafasi nyingine na urudie: kosa likikifuata, kibadilishe, likibaki kwenye nafasi ileile hata kwa kipande kingine, safisha nafasi hiyo kwa brashi kavu, na isipopona, iache wazi na utumie zilizobaki.