Somo: Dawa za maumivu zinazokaa siku nyingi mwilini mwa mnyama

Wanachama, somo hili ni la wenye mbwa, paka na ng'ombe, na la wasaidizi wa madaktari wa mifugo pia. Kidonge cha kawaida kikimtapisha mbwa, unaacha kumpa na mara nyingi baada ya siku moja au mbili kimekwisha mwilini. Dawa ya muda mrefu haikupi nafasi hiyo: ikishaingia imeingia. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kumpa mnyama.

Hatua ya 1: Pima maumivu kwanza. Paka anayeumwa hukaa kimya. Mtazame usoni akiwa ametulia: masikio yamelala pembeni, macho yamefumba nusu, mdomo umekaza, sharubu zimenyooka, kichwa kimeshuka usawa wa mabega au chini yake. Kila dalili ipe 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa. Mbwa mwenye maumivu ya viungo mtazame anapoinuka asubuhi na anapopanda ngazi. Mrekodi video fupi, kwa sababu mbele ya daktari wengi hujikaza.

Hatua ya 2: Damu ipimwe, na daktari aambiwe kila dawa anayotumia mnyama. Hapa msiharakishe. Chukueni mavacoxib, dawa ya mbwa wenye ugonjwa wa viungo, ya kundi la dawa za maumivu na uvimbe zisizo steroidi (NSAID). Dozi ya pili hutolewa baada ya siku 14, kisha moja kila mwezi, zisizidi 7 mfululizo. Dawa za kundi hili huzuia vimeng'enya vinavyoleta uvimbe, lakini vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyolinda utando wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Mbwa akiharisha wiki ya tatu na kuishiwa maji, dawa ingali inafanya kazi na figo zake ndizo zinazoumia. Ndiyo maana figo na ini hupimwa kabla. Pia usichanganye na prednisoloni, ambayo ni steroidi, na baada ya dozi ya mwisho subiri angalau mwezi mmoja kabla ya dawa nyingine ya kundi hili.

Hatua ya 3: Dawa ilingane na maumivu. Kwa kidonda cha upasuaji ipo ganzi ya bupivakaini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Daktari huiingiza kwenye tabaka za kidonda anapofunga, nayo huachia kidogo kidogo hadi saa 72. Kwa paka ipo buprenofini, dawa ya jamii ya afyuni, inayopakwa shingoni mara moja kabla ya upasuaji, hufanya kazi hadi siku 4. Usiguse hapo kwa dakika 30, mpaka pakauke. Kibandiko cha fentanili, dawa kali ya jamii hiyohiyo inayopenya ngozini, huchelewa, kwa mbwa saa 12 hadi 24, hivyo hubandikwa mapema.

Kwa maumivu sugu ya viungo kuna sindano za kingamwili za kila mwezi: bedinvetmab kwa mbwa, frunevetmab kwa paka. Hizi hunasa protini inayochochea neva za maumivu. Nazipenda kwa wazee wengi, lakini Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari kuhusu taarifa za mbwa waliopata kuyumba na degedege baada ya bedinvetmab. Mwenye mbwa aambiwe hayo kabla ya kukubali.

Hatua ya 4: Andika uzito, dozi, tarehe na siku dawa itakapokwisha. Karatasi hiyo iende na mnyama kila kliniki.

Hatua ya 5: Fuatilia. Kukataa chakula, kutapika, kinyesi cheusi kama lami, kunywa maji kupita kawaida: piga simu siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Daktari, dawa ya paka wangu naona imeisha mapema. Nimpe paracetamol kidogo?*
Hapana dada, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja. Damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia, uso huvimba, na anaweza kufa. Mrudishe kwa daktari.

*Wangu amepakwa buprenofini, mboni zimepanuka na anajisugua kila mahali. Ni sumu?*
Hiyo ni kawaida ya dawa hizi kwa paka. Punguza mwanga, mzuie kuruka juu. Akilegea sana au akipumua polepole, mpeleke haraka.

*Na sisi wa ng'ombe, mwalimu?*
Meloxicam, ndugu yangu, dawa ya kundi moja na mavacoxib. Kwa ng'ombe nusu yake huchukua takriban saa 26 kutoka mwilini, kwa hiyo dozi moja ya kukata pembe hufika mbali. Itolewe pamoja na ganzi, kwa sababu yenyewe haizuii uchungu wa kisu. Maziwa na nyama ngojea siku zilizoandikwa kwenye lebo.

*Kibandiko cha mbwa kimeanza kubanduka, nikiweke kwenye pipa la taka?*
Si hivyohivyo. Vaa glavu, kikunje gundi iangalie ndani, ukirudishe kliniki. Kilichotumika bado kina dawa ya kutosha kumuua mtoto au mbwa mwingine atakayekitafuna. Na kikiwa bado mwilini, usimlaze kwenye chupa ya maji ya moto. Joto huongeza dawa inayopenya.