Kutoka Moshi kwenda kuchimba kombe Tanga, na kulikuta gari lako ulipoliacha

Majirani zangu wa Majengo, hapa Moshi, wanajua kwamba nilizaliwa Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, na kwamba samaki ninaouza soko la Mbuyuni hunijia kutoka huko. Kwa hiyo likizo ikikaribia naulizwa mambo mawili: kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba mawili, wanachimbwaje, na gari tukiliacha ufukweni tutalikuta? Huwa nayajibu pamoja. Ufuko unaouona mtupu una wenyewe. Ukiingia kupitia kwa wenyewe utapata kombe na gari utalikuta. Ukiingia kwa kunyemelea, vyote viwili viko mashakani, na huenda mwizi wa siku hiyo ukawa wewe.

Mwezi kwanza

Usipange safari kwa kuangalia Jumamosi iko lini. Angalia mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi kwa pwani yetu. Siku hizo ndizo zinazofunua mchanga wa mbali ambako kombe wanakaa. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Bahari inasogea kidogo tu na utazunguka juu juu bila kupata kitu. Watu wa pwani tunahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, kuanzia tarehe 14 hadi 17 hivi, na tena kuanzia 29 hadi 2 au 3 ya mwezi unaofuata. Kama huna kalenda hiyo, toka nje jioni: mwezi wa mviringo ukichomoza jua linapozama, bamvua imefika, hata kama uko Moshi na bahari iko kilomita 350 kutoka hapo.

Upande wa Tanga, wakati wa bamvua maji hufika mwisho wa kupwa karibu na saa nne asubuhi, au kuelekea saa tano. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana huwezi kuondoka Moshi alfajiri ukategemea kuchimba siku hiyo hiyo. Kutoka Arusha una kilomita kama 80 kabla hujafika hapa, halafu Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, mpaka Segera ambako unapinda kushoto kwenda Muheza. Barabara ina vijiji vingi, na vijiji vina matrafiki wenye tochi za kupima mwendo. Lala Tanga au Pangani, asubuhi uwe umeshaamka karibu.

Maji ya usiku nayo yanapwa, na wenyeji wengine hushuka na taa. Mgeni asiende. Hujui mikondo ilipo, na huwezi kuona unachokanyaga.

Epuka pia siku za baada ya mvua kubwa za masika, hasa karibu na mlango wa Mto Pangani. Mto huo unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru na unapita kwenye mashamba na miji mingi kabla ya kufika baharini. Kombe anakula kwa kuchuja maji. Kilichomo ndani ya maji kitakuwa ndani yake.

Piga hodi

Ukifika kijijini, simamisha gari dukani au karibu na msikiti, shuka, salimia. "Shikamoo mzee. Tumetoka Moshi, tunaomba kuelekezwa kwa mwenyekiti." Hilo tu. Usiulize kombe wako wapi kabla hujamaliza salamu. Mwenyekiti au mtendaji wa kijiji atakuelekeza kwa watu wa BMU, ambao ndio wanaosimamia rasilimali za bahari pale kijijini, na wao watakwambia wapi panaruhusiwa na wapi pamefungwa.

Jambo hili lina uzito wa kisheria, si adabu tu. Sehemu kubwa ya pwani kati ya Tanga na Pangani, pamoja na Tongoni na Kigombe, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni yule samaki wa kale anayeishi kwenye kina kirefu, ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu tangu miaka ya 2003 na 2004. Hifadhi ina masharti yake na kiingilio kwa wageni, na si kila kiumbe unaruhusiwa kukitoa. Kule kusini ya Pangani, pwani iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani usiiguse kabisa. Uliza, lipa panapolipwa, dai risiti.

Halafu omba mwenyeji wa kwenda naye. Kombe pwani ni kazi ya kina mama. Hao unaowaona wameinama mbali na vikapu, khanga zimefungwa kiunoni, wanatafuta kitoweo cha watoto na shilingi ya daftari. Mlipe mmoja wao akuongoze, mkubaliane bei mapema mbele ya mtu, na umpe heshima ya mwalimu. Ukiona vigingi vimesimikwa na kamba zimefungwa, hilo ni shamba la mwani la mtu, zunguka. Ukiona kombe wamekusanywa mahali pamoja ndani ya duara la mawe, wamewekwa na mwenyewe atarudi. Nimesikia wageni wakisema walidhani "wametupwa na bahari". Bahari haipangi kombe kwenye mawe.

Gari, funguo na simu

Gari linalopita kijijini bila kusimama, likaenda kufichwa chini ya minazi, limeonwa na kila mtu, ila hakuna aliyeombwa kulitazama. Vijana wa kijiji hata hawahitaji kuwa wezi. Mwizi anaweza kuja na bodaboda kutoka mbali, akang'oa saiti mira, betri na spea tairi, akaondoka nyinyi mkiwa bado mko nusu kilomita ndani ya mchanga mmeipa nchi kavu mgongo. Familia moja ya hapa mjini iliachwa na gari lisilo na betri namna hiyo, jua la mchana, watoto wana kiu.

Kwa hiyo liache kijijini, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenyekiti, au mbele ya duka ambalo halifungwi mchana, au kwenye hoteli ndogo ambako utakula baadaye. Mwambie mwenye eneo kwa jina lako, mpe na namba yako ya simu, mpe kitu cha kulindia. Kutembea dakika 20 hadi kwenye maji si adhabu. Na ukiliegesha ufukweni kuna hatari nyingine: mchanga ulio mkavu saa nne asubuhi unaweza kuwa chini ya maji saa kumi jioni, na kina cha bamvua hakibembelezi Noah.

Mizigo ipange kabla ya kufika. Mabegi yabaki ulikolala. Kama lazima uwe na kitu kwenye buti, kiweke huko ukiwa bado Tanga mjini. Anayefungua buti ufukweni na kusukuma laptopu chini ya blanketi amewaonyesha wote waliokuwa wakitazama. Dashibodi iwe tupu, hata chaja ya simu itoe, maana mtu akiona waya anaamini simu ipo.

Funguo usiufiche juu ya tairi wala chini ya jiwe, na usiuzike mchangani. Uvae shingoni, ndani ya nguo, kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Rimoti ikilowa maji ya chumvi inakufa, na kumpata fundi wa kuiamsha Kigombe ni kazi. Simu moja inatosha kwa kundi zima. Kabla hujatoka Moshi bonyeza *#06#, uandike namba za IMEI kwenye karatasi ibaki nyumbani, weka namba ya siri kwenye laini yenyewe pamoja na ile ya simu, na pesa ya matumizi igawe kwa watu wawili.

Likitokea la kutokea, anza kwa mwenyekiti, kisha kituo cha polisi ukachukue taarifa ya upotevu, na laini ifungwe na mtandao wako papo hapo kabla mtu hajagusa pesa. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Usimshike mtoto wa mtu wala kumtuhumu kijana kwa kuwa alikuwa karibu. Kelele za "mwizi!" kwetu zimeua watu wasio na hatia.

Kwenye mchanga

Shuka muda wa saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, uyafuate yanavyorudi. Vaa viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Kandambili zitabaki kwenye tope. Chukua kisu kibutu au kijiko kikubwa cha chuma, na kikapu au ndoo iliyotobolewa chini. Jembe acha nyumbani.

Kombe tunaowataka ni wale wenye ganda nene jeupe lenye mifupa mifupa kama mbavu, na manyoya ya kahawia juu yake. Hawajichimbii chini sana. Wanakaa kwenye mchanga uliochanganyika na tope, katikati ya majani ya bahari, upande mmoja wa ganda ukiwa usawa wa mchanga. Unachotafuta ni mstari mwembamba, ufa wa urefu wa kidole, mara nyingi wenye kauchafu ka kahawia pembeni. Macho ya mgeni huchukua muda kuuona, kwa hiyo mwanzoni tumia vidole: pitisha mkono taratibu juu ya mchanga wenye maji, utahisi ukingo mgumu. Ingiza kisu pembeni, si juu, inua. Ameshikilia kidogo kwa nyuzi zake, atatoka.

Wapo wengine wanaokaa chini zaidi, na hao hutambulika kwa matundu mawili yaliyo jirani. Ukikanyaga karibu, maji huruka. Chimba kando ya matundu, usichimbe juu yake, la sivyo utalivunja ganda na umempoteza bure.

Kila shimo lifukie. Mchanga ulioachwa umerundikana unawafunika kombe wadogo wakafa, na shimo linamsubiri bibi anayerudi na mzigo kichwani. Usiyang'oe majani. Aliye mdogo kuliko upana wa vidole vitatu mrudishe palepale ulipomtoa, si kumrusha. Chukua wa kula siku hiyo, basi. Wewe unarudi Moshi kwenye mafungu ya mahindi na ndizi sokoni. Hawa kina mama kesho watashuka tena mahali hapo hapo.

Usiokote konokono wa bahari mwenye umbo la pia na rangi za kupendeza akiwa hai. Wako wenye mwiba wa sumu, na aina moja yao inaweza kuua mtu mzima. Kwenye vidimbwi buruta mguu badala ya kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyelala mchangani asikie na kuondoka. Mtu akichomwa na taa, mguu uzamishwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, na apelekwe hospitali.

Maji yakigeuka, nawe geuka. Usingoje yakuguse. Huanza polepole, na kufikia saa ya tatu na ya nne tangu yageuke yanakwenda kasi kabisa; tena hayaji kwa mbele tu, yanapitia kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Mwenyeji wako akisema "twende", nenda, hata kama umewaona watatu wazuri hapo mbele.

Mpaka jikoni

Waloweke kwenye maji safi ya bahari kwa saa chache wateme mchanga. Maji ya bomba yanawaua. Kabla ya kupika, gonga kila aliyefunua mdomo; asipofunga, mtupe. Chemsha mpaka wote wafunguke, waendelee kuchemka dakika kadhaa zaidi, na ambaye hakufunguka naye mtupe. Ukiona maji mekundu kama damu usishtuke, kombe hawa wana damu nyekundu kweli. Lakini bahari yenyewe ikiwa na rangi isiyo ya kawaida, nyekundu au kahawia, usile kitu siku hiyo: kuna sumu ya vijimea vya majini ambayo moto hauiondoi. Na usichimbe karibu na bandari wala mifereji ya maji taka ya mjini.

Kuwaleta Moshi wakiwa hai sikushauri. Joto la Same litawamaliza kabla hujafika Mwanga. Wachemshe kule kule, toa nyama, ikipoa ifunge kwenye mifuko na kuifukia kwenye barafu nyingi ndani ya kisanduku cha baridi, na usikifungue njiani. Ukifika, ioshe kwa ndimu, kaanga kitunguu, tangawizi na nyanya, mimina tui jepesi, nyama itangulie kidogo kabla ya tui zito, na usiipike sana baada ya hapo maana itakuwa mpira. Siku ya kwanza mpe kila mtu kijiko kimoja tu, na mtu aliyewahi kuvimba midomo au kuwashwa koo kwa kula kamba asionje kabisa.