Kuigiza na watoto darasani bila script, hata wakiwa 80

Walimu wengi wakisikia maigizo wanawaza mahafali, yani unaandika karatasi mbili za maneno, unachagua watoto sita wenye sauti, wanakariri wiki tatu na wale 70 na kitu waliobaki kazi yao kupiga makofi. Mimi naongelea kitu kingine, kuigiza ndani ya kipindi cha kawaida cha dakika 40, Kiswahili au Maadili au hata Sayansi, ambapo darasa zima linaigiza kwa pamoja na hakuna aliyebaki mtazamaji.

Anza na alama ya kunyamaza, kabla hujasogeza hata dawati moja. Ukisema "ganda!" kila mtu anaganda alivo, mguu juu mguu juu. Wacheze kwanza nyama nyama, unataja wanyama, anayeliwa wanaruka asiyeliwa wanatulia, alafu katikati unawarushia "ganda". Rudia mpaka ikolee kweli, maana ukianza hadithi na alama haijakaa utaishia kushika fimbo, na mtoto anayeogopa kuchapwa haigizi, anasubiri kuambiwa cha kufanya. Nafasi isikusumbue sana, madawati yakisukumika sukuma ukutani, yasiposukumika waigize wamesimama hapo hapo walipo.

Sasa hadithi. Chukua wanayoijua tayari, mfano ile ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, Sungura akagoma kuchimba alafu akawa anakuja kuiba maji, mpaka Kobe akamnasa kwa ulimbo aliopakwa mgongoni. Usiisimulie yote! Ishie pale maji yalipokutwa yamechafuliwa asubuhi, hapo ndo unaingia mwenyewe kama mkubwa wa wanyama aliyeitisha mkutano.

Hii ya mwalimu kuwa mhusika aliifanyia kazi sana Mwingereza mmoja mwalimu wa maigizo, Dorothy Heathcote, na haihitaji kipaji wala nini. Tupia khanga begani, kaa kwenye kiti, sema "Ndugu wanyama, nimewaita hapa kuna jambo. Nani kanywa maji yetu usiku?" Usingurume kama simba, watakucheka, ongea tu kama mwenyekiti wa kijiji aliyechoka na kesi. Utashangaa, kuna mmoja atanyoosha mkono, "Mheshimiwa, mimi Swala nimemuona Sungura na kopo". Mbane: "Na wewe Swala ulifuata nini kisimani usiku?" Darasa linalipuka, na Swala itabidi ajitetee kwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kukuandikia kwenye daftari. Ukiuliza tumfanyeje mwizi wengi watasema apigwe. Usiwahubirie, uliza tu kama mwenyekiti, "Sawa, nani anaanza kumpiga? Na watoto wake wenye kiu tunawafanyaje?" Alafu nyamaza, waache wabishane. Mkimaliza vua khanga mbele yao, ndo ishara kwamba mwalimu karudi, hapo mnaongea kilichotokea.

Kipindi kinachofuata wagawe vikundi vya sita au saba, kila kikundi kitengeneze picha mnato ya mwisho wa ule mkutano, wamesimama kimya kama wamepigwa picha. Unapita unagusa bega, unayemgusa anasema mhusika wake anawaza nini, sentensi moja tu inatosha.

Wapole usiwalazimishe kuongea. Wape mvua: kidole kimoja kinagonga kiganja, viwili, vyote, kisha mapaja, alafu inapungua hivo hivo. Darasa la watoto 80 likifanya hivo utadhani bati linapigwa kweli. Na kama kuna ugomvi kwenye hadithi, sheria ni hakuna kugusana, ngumi zinaenda taratiibu na anayepigwa ndiye anayeamua kuanguka.

Hapa pana uzito kidogo. Mradi wa TUSEME, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, ulitumia maigizo ili wasichana wa sekondari waseme yanayowakwamisha shuleni, kwa hiyo nguvu hiyo ipo. Ila kwa watoto wadogo baki kwenye Sungura na Kobe, usiwaambie "igizeni nyumbani kwenu baba akirudi". Na mtoto akionyesha kitu kilichokushtua usimhoji mbele ya wenzake, endelea na hadithi, baadaye mtafute kwa utulivu na mwone mwalimu wa malezi. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure.

Na mkuu wa shule akija na habari za mahafali zimebaki wiki mbili, usikimbilie kuandika script. Chukua zile picha mnato tatu nne zilizotoka vizuri, ziunganishe na mvua katikati, mkutano waendeshe wenyewe na khanga mpe mmoja wao awe mwenyekiti. Maneno wanayo tayari. Wewe kaa pembeni, kazi yako iwe kuwakumbusha tu wasiwape wazazi mgongo.