Kitenzi cha Kiingereza wakati uliopo: s inakaa wapi?

Kwa Kiswahili kila nafsi ina kiambishi chake: ninasoma, unasoma, anasoma, wanasoma. Kiingereza hakina kazi hiyo. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, kitangulize kiwakilishi, basi: I read, you read, we read, they read. Nafsi moja tu inadai nyongeza, ya tatu umoja, yaani he, she, it, au jina la mtu au kitu kimoja: she reads, the dog barks.

Tahajia ya hiyo s ina mitego yake. Kitenzi kikiishia na s, x, sh au ch, ongeza es: passes, fixes, washes, teaches. Sababu iko mdomoni: jaribu kutamka washs uone ulimi unavyokwama. Go na do pia huwa goes na does, na does husomeka daz, si duz. Penye y, tazama herufi inayoitangulia. Ikiwa konsonanti, y inatoka na ies inaingia: study, studies. Ikiwa irabu, y haiguswi: play, plays. Have huwa has. Be haina kanuni, ikariri tu: I am, you are, she is, we are, they are.

Muda wako mwingi utumie kwenye kukanusha na kuuliza, maana hapo ndipo wengi huanguka. Do inaingia kusaidia, na s inahamia kwake: she does not read, Does she read? Ukiandika she does not reads, umevivalisha vitenzi viwili s, na inayotakiwa ni moja. Be haihitaji msaada huo: she is not, Is she? Nazo can, must na may hazipokei s kabisa: she can read.

Kisha kuna -na- yetu. "Anasoma" hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza hutenganisha. Ikiwa ni mazoea, pale ambapo ungeweza kusema "husoma", andika she reads. Ikiwa kitabu kiko mkononi sasa hivi, ni she is reading. Ukisahau ing ukaandika she is read, umesema anasomwa! Lakini know, want na need hukataa ing hata jambo likiwa la sasa hivi: anajua ni she knows, si she is knowing.